Uyoga, Mlinzi wa Mizizi

Mkulima wa Kwai, katika milima ya Usambara, anapong'oa mche wa nyanya ulionyauka ilhali udongo una maji, akakuta mizizi imevimba mafundo mafundo, asimshuku hasidi. Adui wake ni minyoo fundo, viumbe wasioonekana kwa macho, ambao dawa za kuwaua ni ghali na zina madhara kwa ardhi na kwa mpulizaji mwenyewe.

Lakini Mola ameweka katika uyoga wa mamama hikima ya ajabu: nyuzi zake zina sumu inayowapoozesha minyoo kwa dakika chache, kisha huwapenya na kuwala, maana magogo unamoota yana naitrojeni haba.

Hayo yameonekana maabara; hata hivyo, ushindi wa maabara si ushindi wa shamba. Kwa kuwa Wajerumani walianzisha kituo cha majaribio ya kilimo papa hapa Kwai mwaka 1896, rai yangu ni kwamba wataalamu wetu warejee hapa, wajaribu kuchanganya udongoni mabaki ya mabua yaliyooteshewa uyoga, sambamba na kubadilisha mazao. Kwani uyoga wenyewe ni kitoweo na biashara, na mabaki yake, ambayo aghalabu hutupwa, huenda yakawa ngao ya shamba.