Hii timu imewahi kushinda nini?

Leo sina habari ya boom (mnajua wenyewe limekwamia wapi) wala ya foleni ya msosi. Leo nina hoja, na naomba muisome mpaka chini kabla hamjanishukia.

Waliokuwepo kwenye kikao cha bajeti cha serikali yetu ya wanafunzi wanajua kilichotokea. Kuna pendekezo la kufuta fungu la timu ya mpira wa miguu, hela yote iende kununua mashine ya fotokopi. Mheshimiwa mmoja wa mwaka wa pili akasimama na swali moja tu: hivi hii timu imewahi kushinda nini? Ukumbi mzima kicheko. Waziri wa michezo akafungua faili lake, akaliangalia, akalifunga, akasema suala hilo atalifanyia kazi. Kura inapigwa kikao kijacho.

Mimi si mchezaji. Namba yangu uwanjani ni ya kubeba maji. Ila lile swali limenikereketa, maana limeulizwa kwenye chuo cha walimu, na watu ambao mwakani wanaenda kushika chaki, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwanza kwa nini chuo cha walimu kikawa na timu ya mpira.

Turudi nyuma kidogo. Ukimuuliza mtu soka ya huku kwetu imeanzia wapi, atakutajia Yanga 1935, Simba 1936, halafu mtagombana mpaka usiku. Jamani, hao ni wajukuu. Zaidi ya miaka 50 kabla yao kulikuwa na chuo kidogo kule Unguja kinaitwa Kiungani. Misheni ya UMCA, Waanglikana wa kutoka vyuo vikuu vya Uingereza, ilihamia Zanzibar 1864 chini ya Askofu Tozer, na wanafunzi wake wa mwanzo kabisa walikuwa watoto watano waliookolewa kutoka kwenye jahazi la watumwa. Watoto wakaongezeka, shule ikawekwa kwenye shamba la Kiungani, kusini mwa mji, na kazi yake kubwa ikawa kuandaa walimu na makasisi. Yaani kwa lugha ya leo, ni chuo cha ualimu kama hiki chetu, tena kidogo kuliko chetu.

Wanahistoria wa michezo, kama yule mama Laura Fair aliyechimba sana habari za Zanzibar, wanakitaja Kiungani kuwa ni mmoja wa milango ambayo soka iliingilia Afrika Mashariki, kwenye miaka ya 1870. Waingereza wa kampuni ya simu za baharini nao walikuwa wanapiga mpira wao pale mjini. Lakini wale wa simu walicheza, wakamaliza mikataba, wakarudi kwao. Vijana wa Kiungani walibaki, na mpira ukabaki nao.

Sasa hebu fikiria hao vijana ni akina nani. Mwaka 1887 mwalimu wao mmoja, A. C. Madan (ndiyo, huyu huyu wa makamusi ya Kiswahili), alitoa kitabu London kinachoitwa Kiungani. Ndani yake kuna habari za maisha ya wanafunzi, walizoandika wenyewe kwa Kiswahili, yeye akazitafsiri. Habari za kukamatwa kijijini, kuuzwa, kuuzwa tena, kutembezwa mpaka pwani, kuingizwa jahazini. Kuna Myao, kuna Mmakua, kuna Mnyasa, kila mmoja ametoka na lugha yake na msiba wake. Hawana baba mdogo wa kumkimbilia wala shangazi wa kwenda kumsalimia likizo. Ukoo wao ni walio nao bwenini. Halafu jioni wanatoka, wanajipanga upande huu na upande ule, na kwa saa moja Myao anampasia Mmakua kwa sababu wako timu moja.

Msinielewe vibaya. Wamisionari walikuwa na sababu zao, na nyingine mimi sizipendi. Kwa Waingereza wa wakati ule mpira ulikuwa dawa ya nidhamu: kijana akichoka jioni, usiku hatoroki kwenda ngomani. Lakini kama umewahi kucheza chandimu utotoni unajua kwamba filimbi ikishalia, nani alileta mpira na kwa nia gani hakuna anayekumbuka.

Kinachonigusa zaidi ni walikoenda baada ya hapo. Wahitimu wa Kiungani walitawanywa kwenye vituo vya misheni: Magila kule Bonde, Masasi, Likoma ndani ya Ziwa Nyasa. Cecil Majaliwa, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa ukasisi, mwaka 1890, alipita hapo. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani na kufundisha hapo hapo, ndiye aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali kule Tanga mwaka 1922. Mwaka 1925 chuo chenyewe kikahamishiwa Bara, kikawa Minaki, ile ile Minaki ya Kisarawe ambayo baadhi yenu mmesoma A-level bila kujua mmekaa kwenye kiti cha nani. Na kote Afrika Mashariki mpira umesambaa kwa njia hiyo hiyo, kupitia shule za misheni. Shule ilifika na mwalimu, na mwalimu alifika na mpira.

Kiungani wakati huo ilichukua kombe gani? Hapakuwa na kombe wala ligi. Kwa kipimo cha mheshimiwa wetu wa mwaka wa pili, timu ya Kiungani ingefutiwa fungu mwaka ule ule wa kwanza.

Njoo sasa huku chini ya Meru. Mlioenda TP mwaka jana mnajua maswali mawili ya mkuu wa shule. La kwanza, unafundisha masomo gani? La pili, na michezo je? Mimi nilipangiwa shule moja ya sekondari upande wa Ngarenanyuki, kule vumbi linapokuingia mpaka kwenye chai. Nilikuwa na mwenzangu, beki wa kushoto wa timu hii hii mnayotaka kuifuta. Darasani hakuwa moto sana, nisimpambe. Lakini wiki ya pili akaokota magogo mawili, akatengeneza goli, akatafuta filimbi. Wale vijana wa kidato cha pili waliokuwa wakipotea kila Ijumaa kwenda kuuza nyanya mnadani wakaanza kuonekana Ijumaa, maana ndiyo siku ya mechi, na asiyehudhuria vipindi hapangwi. Mkuu wa shule aliniandikia mimi barua nzuri ya shukrani. Yeye alimwomba arudi.

Hicho ndicho timu ya chuo cha walimu inachotoa. Kanuni za mchezo, namna ya kupasha misuli bila kuumiza mtoto, namna ya kugawa watoto 40 wakati mpira ni mmoja, namna ya kusuluhisha ugomvi wa penalti. Hayo hakuna kozi yake kwenye ratiba yetu, mnaweza kwenda kuangalia ubaoni. Nchi ina chuo cha michezo kule Malya, Kwimba, lakini Malya peke yake haiwezi kupeleka mtu kwenye kila shule ya Longido na Karatu. Na mnakumbuka, au muulizeni kaka zenu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa kabisa, eti watoto wasome. UMISSETA ilikuja kurudishwa baadaye. Katikati hapo, mahali ambapo mpira haukufa shuleni ni pale palipokuwa na mwalimu anayeupenda, aliyeutoa chuoni.

Kuna anayesema soma na mpira havikai pamoja. Bwana, shuka Usa, panda Noah mpaka mjini, halafu simama mbele ya geti la uwanja mkubwa usome jina. Sheikh Amri Abeid. Aliyefariki 1964, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, waziri, na kabla ya yote mtunzi wa mashairi, aliyetuandikia Sheria za Kutunga Mashairi ambayo watu wa Kiswahili mnahangaika nayo kila semista. Mji wa Arusha unakwenda kushangilia magoli ndani ya jina la mshairi, na sijasikia mtu akilalamika.

Hoja ya fotokopi naielewa. Kero ni ya kweli, foleni ya pale stationery wiki ya testi inaweza kukutoa machozi. Lakini kama hela inatafutwa, mbona fungu la viburudisho vya vikao halijaguswa? Soda na sambusa za waheshimiwa zimewahi kushinda nini? Nauliza tu.

Na jingine, hili ni la waziri wetu wa michezo na wala sitamtetea. Hilo fungu limeandikwa "timu ya mpira wa miguu" na likaliwa na wavulana peke yao miaka yote. Akina dada wanaocheza pale jioni wanaazima jezi zikiwa bado zina jasho. Twiga Stars wamecheza fainali za Afrika za wanawake, za 2010 na zile za 2024 zilizochezwa Morocco 2025, na chuoni kwetu dada anaulizwa kama anataka kushika bendera ya pembeni. Nusu ya walimu tutakaotoka hapa ni wanawake. Wakipangiwa shule ya wasichana wakaanzishe nini, kwaya? Fungu libaki, ila ligawanywe.

Nirudi kwenye lile faili tupu la waziri, maana hapo ndipo tatizo lilipo. Timu yetu ina miaka mingi. Ina watu waliovunjika miguu kwa ajili yake. Lakini kila baada ya miaka mitatu kikosi kizima kinavaa joho, kinapiga picha, kinaondoka, na kumbukumbu zinaondoka nao kwenye begi. Hata mji wenyewe una ugonjwa huu. Mwaka wa kwanza wengi hawajui kwamba Arusha ilikuwa na JKT Oljoro Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2011/12, wakashuka 2014, mji ukakaa miaka na miaka bila timu ya juu. Uwanja mpya wa AFCON 2027 ulipoanza kujengwa 2024, vijana wakaanza kuongea kama vile mpira ndiyo kwanza unafika Chuga.

Habari za Kiungani tunazo kwa sababu wamisionari walikuwa wanaandika. Kila mwezi walikuwa na gazeti lao Uingereza, Central Africa, la kuwaeleza wachangiaji hela yao inafanya nini. Waliandika kwa sababu walikuwa wanaomba. Sisi hatuna mchangiaji wa kumwandikia, basi tumeacha kuandika. Hiyo ni sababu ya kijinga kwa watu wanaosomea kuandika maandalio ya somo.

Kwa hiyo nimenunua kaunta buku, kwaya tatu, jalada la bluu. Kurasa nne za mwanzo zimeshajaa, zote ni maneno ya mzee wetu wa bustani, ambaye mkimpita asubuhi na shikamoo yenu ya haraka haraka hamjui kwamba alikuwa anachora mistari ya uwanja huu kwa majivu kabla chokaa haijanunuliwa. Amenieleza enzi ambazo timu ilikwenda mechi za ugenini juu ya lori la mchanga, wakirudi wanaimba mpaka walinzi wanajua matokeo kabla ya kufungua geti. Amenieleza kipa aliyekuwa anadaka na sweta kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba, na mechi iliyovunjika kwa ukungu, watu wanausikia mpira lakini hawauoni. Amenieleza pia mwaka ambao timu haikuwepo kabisa, uwanja ukawa malisho, ng'ombe wa majirani wakanenepa. Na ndiyo, kuna kombe. Lilishindwa kwa penalti dhidi ya chuo jirani, na kwa maelezo yake lilitumika muda mrefu kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Nimeenda stoo. Mlango sasa unazuiwa na tofali, kombe bado nalitafuta.

Kura ikienda vibaya daftari litaendelea, maana halina fungu. Ninachohitaji ni hiki. Kila mechi kuanzia sasa: tarehe, majina ya waliocheza, wa kiume na wa kike, waliofunga, refa, hali ya hewa. Mwenye picha ya zamani alete nipige kopi (kwenye foleni ile ile, najua). Mwenye kaka, dada, mjomba au mwalimu wake aliyepita hapa akaicheza timu hii, anipe namba yake nimpigie, na aniambie alipangiwa shule gani baada ya hapo na kama alianzisha timu. Hilo la mwisho msilisahau, lina safu yake peke yake kwenye daftari.

Saa kumi na moja jioni nakuwepo uwanjani, nyuma ya goli la upande wa mlima, na dumu la maji.