Mfanyabiashara wa Juba naye aione Bunyonyi

Muulize mfanyabiashara wa Thongpiny, mtaa ulio jirani na uwanja wa ndege wa Juba, anaijuaje Uganda. Atakutajia Elegu, Gulu na maghala ya Kikuubo jijini Kampala. Hupakia mzigo, hulipa, hurudi. Miaka inapita, na nchi anayoitegemea kwa riziki anaijua kwa milango ya maghala tu.

Kilomita 400 hivi kusini-magharibi mwa Kampala upo mji wa Kabale, na karibu yake Ziwa Bunyonyi lenye visiwa 29, lililozungukwa na vilima vya matuta ya mashamba. Wageni hupafananisha na Uswisi. Mzungu hupanda ndege kuja kupaona, lakini jirani mwenye lori haendi.

Wapo watakaosema matembezi ni anasa. Lakini Kabale ni nchi ya viazi mviringo. Anayelala huko siku mbili akazungumza na wakulima atajua bei ya shambani na msimu wa mavuno. Akirudi Kampala, dalali hatampangia bei kama zamani.

Hallstatt, mji mdogo kando ya ziwa katika milima ya Alps nchini Austria, hauna hata wakazi 800. Uliinuka kwa chumvi, na leo unapokea wageni kwa maelfu. Kilichoanza kuufungulia njia ni biashara.

Njia ikifungwa, wote huumia. Mpaka wa Katuna, jirani na Kabale, ulipofungwa upande wa Rwanda kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, wachuuzi wa pande zote mbili walikosa wateja.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mwaka 2021 Uganda iliwaondolea raia wake ada ya viza. Kwa hiyo kisingizio cha viza hakipo tena. Kilichobaki ni barabara. Mwaka huohuo wa 2021 madereva waligoma Elegu baada ya wenzao kuuawa ndani ya Sudan Kusini. Serikali ya Juba ina deni hapo: ilinde barabara ya Nimule na ipunguze vizuizi vinavyomtoa msafiri fedha kila hatua.

Mfanyabiashara naye ana sehemu yake. Safari ijayo aongeze siku mbili, afike Kabale. Soko la pamoja halijengwi na watu wanaojuana kwa risiti tu.