Mtoto Mkubwa na Pumzi Yake

Hapa Kisangani mwanamke akinenepa, watu husema bwana yake anamtunza vizuri. Mtoto akizaliwa na kilo nne na nusu, mtaa mzima unashangilia. Sisi pia tunashangilia. Lakini ukubwa wa mtoto hauonyeshi kama mapafu yake yamekomaa.

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo sana vya hewa. Fikirieni sashe iliyolowa maji: pande zake zinagandana, kuifungua ni kazi. Vifuko vile navyo vingegandana kama mapafu yasingetengeneza utelezi wa kuviacha wazi. Utelezi huo huanza karibu na juma la 24 la mimba, na kwa kawaida unatosha karibu na juma la 35. Sasa, mama mnene sana hupata kwa urahisi zaidi sukari ya mimba. Sukari inavuka kondo, mtoto anatoa insulini nyingi, na insulini hiyo inamnenepesha huku ikichelewesha utelezi. Basi anazaliwa mkubwa, lakini anahema kwa shida. Baadaye, watoto wa mama wanene sana hupata pumu mara nyingi zaidi. (Moshi wa makala jikoni hausaidii.)

Unene mwingi ni upi? Mama wa metre 1,60 aliyekuwa na kilo 77 au zaidi kabla ya mimba yumo. Huyo inamtosha kuongeza kilo 5 hadi 9 mpaka kuzaa.

Hatusemi mufunge kula! Mimba si wakati wa kukonda. Sombe, samaki na makemba vibaki. Tupunguze mafuta ya mawese ndani ya sufuria, mikate ya kukaanga, na hasa soda. Majirani watasema, waacheni waseme. Kwenye CPN, musiridhike na mizani tu: ombeni wapime sukari na tension. Kama kituo hakina kipimo cha sukari, waulize wapi kinapatikana.

Mtoto akizaliwa, mutazame kifua chake. Akihema zaidi ya mara 60 kwa dakika moja, pua zikitanuka, mbavu zikiingia ndani, au akiguna kila pumzi, mupelekeni hospitali saa ileile, hata usiku. Njiani, awe juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, amefunikwa kitenge, pua na kinywa vikiwa wazi.