Tanzania: Kipigo alichokishuhudia msichana humfuata hadi ndoani

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichapisha utafiti uliowahoji wanawake wa Dar es Salaam na mkoa wa Mbeya. Kati ya waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 jijini na asilimia 56 Mbeya walisema mwenzi huyo aliwahi kuwapiga au kuwalazimisha ngono.

Takwimu hizo hunukuliwa mara kwa mara. Uchambuzi uliofuata mwaka 2011, uliozihusisha nchi 10 Tanzania ikiwemo, hautajwi sana. Ulibaini kuwa mwanamke aliyeteswa utotoni, au aliyekulia katika nyumba yenye kipigo, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupigwa na mwenziwe. Na hatari huzidi pale mume naye alipolelewa hivyo hivyo.

Sababu si kwamba mwanamke huyo hupenda mateso, kama wasemavyo baadhi ya watu barazani. Mtoto anayelala akisikiliza hatua za baba mlangoni hujifunza kuusoma uso wa mkubwa kabla ya kusoma kitabu. Hujifunza kunyamaza, kwa kuwa kimya ndicho kilichomwokoa. Akishaolewa, kofi la kwanza halimshtui kama linavyomshtua mwenzake. Lina sura anayoijua. Shangazi naye humwambia avumilie, maana mama yake alivumilia.

Hapa hata lugha yetu ya habari ina lawama. Tumezoea kuandika "ugomvi wa nyumbani", ilhali ugomvi ni wa watu wawili. Apigwaye hagombani.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana waliohojiwa wakati huo sasa ni watu wazima, katika umri wa kulea.

Kurithi si lazima. Wapo wengi waliolelewa katika nyumba kama hizo na ndoa zao zina amani.

Kisheria, Uganda ilitunga sheria mahususi ya ukatili wa majumbani mwaka 2010, na Kenya mwaka 2015. Tanzania Bara hutegemea zaidi sheria za jinai na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kifungu chake cha 66 kinamnyima mwanandoa haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kipigo. Mtoto aliyekishuhudia kipigo hicho hatajwi katika kifungu hicho.