ANAYEUGUZA NAYE HUUGUA

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale wanaouona mzigo wa wauguzi kuwa usufi mtupu, tena katika kuwasema nilikuwa mstari wa mbele. "Masista wana midomo!" ndiyo iliyokuwa kauli yangu kila niliporudi kutoka hospitali. Leo, msomaji mpendwa, nashika kalamu kukiri kosa langu mbele yako na mbele ya walimu wetu, na kutoa rai yangu kuhusu jambo ambalo naona linatuhusu sote.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mdogo wangu wa miaka sita alishikwa na homa kali akalazwa katika hospitali moja ya kaunti. Mama alikuwa amejifungua majuzi tu, kwa hivyo baba aliniagiza nikalale naye wodini. Usiku ule wodi nzima ilikuwa na muuguzi mmoja. Kwa kukosa la kufanya nilihesabu vitanda nikapata 32, na vingine vilikuwa na watoto wawili wawili. Muuguzi yule alikuwa huku anapima joto, kule anabadilisha dripu, mara yuko mezani anajaza faili, mara anamtuliza mama anayelia.

Mnamo saa nane za usiku dripu ya mdogo wangu ilikwisha, damu ikaanza kupanda mrijani. Nilimwita muuguzi mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu akanijibu kwa ukali, "Wewe kijana, kwani huoni?" Nilipogeuka ndipo nikaona. Alikuwa amemwinamia mtoto wa miezi michache, anamsaidia kupumua kwa mfuko wa kupuliza hewa, naye daktari wa zamu alikuwa ameitwa kwenye chumba cha upasuaji. Nilifyata ulimi.

Mtoto yule hakuamka tena. Muuguzi alimfunika, akamshika mama yake mkono kwa dakika chache, akaandika kwenye faili, akanawa mikono, kisha akaja moja kwa moja kwenye kitanda chetu. "Samahani, kijana," alisema huku akiurekebisha mrija. "Tangu jioni sijakaa." Halafu akaenda kitanda kilichofuata. Angefanya nini? Hakukuwa na mtu wa kumpokea.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia shangazi, ambaye amefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilitarajia aniambie pole kwa niliyoyaona. Badala yake aliniuliza, "Na huyo mwenzangu, baba, alipata mtu wa kumwambia pole?" Swali hilo sijaweza kulijibu mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Wengi wetu, tunapoona foleni ndefu na muuguzi mmoja, husema, "Kenya haina wauguzi." La hasha! Hapo ndipo tunapokosea. Vyuo vyetu vinafunza wauguzi kila mwaka. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, ambacho historia yake inaanzia mwaka wa 1927, kina matawi katika pembe nyingi za nchi, na vyuo vikuu kadhaa hutoa shahada ya uuguzi. Shida ni kwamba wapo wauguzi waliohitimu na kupata leseni, lakini wako nyumbani au wanauza duka kwa sababu hawajaajiriwa. Ajabu iliyoje! Wodini muuguzi mmoja anakimbia kati ya vitanda thelathini na ushei, na mtaani mwenzake anatafuta kazi na vyeti vyake viko kwenye bahasha. Kinachokosekana si watu bali ni nafasi za kazi.

Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, wauguzi wengi wa umma wameajiriwa na serikali za kaunti. Kaunti husema fedha za mishahara hazitoshi. Serikali kuu nayo, mwaka wa 2020, iliajiri wahudumu wa afya kwa mikataba ya miaka mitatu chini ya mpango wa afya kwa wote. Mwaka wa 2025 wengi wa wahudumu hao walikuwa barabarani jijini Nairobi wakidai waajiriwe kwa kudumu. Mtu asiyejua kama kesho atakuwa na kazi atampaje mgonjwa moyo wake wote?

Basi tusishangae wanapoondoka. Mwezi wa Julai mwaka wa 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwawezesha wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko. Si Wakenya peke yao. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka wa 2020 ilisema kwamba muuguzi mmoja kati ya kila wanane anafanya kazi nje ya nchi alikozaliwa au alikosomea. Mimi siwalaumu wanaokwenda. Lakini nauliza: mcheza kwao hutunzwa, je, hawa wetu wanatunzwa na nani?

Upungufu huu wa nafasi unaharibu hata masomo yenyewe. Mwanafunzi wa uuguzi hafundishwi darasani tu. Lazima aingie wodini aoneshwe namna ya kutafuta mshipa, kukadiria dawa na kuzungumza na mgonjwa mwenye hofu. Sasa kama wodi ina muuguzi mmoja, ni nani atakayesimama kumwonesha? Mwanafunzi anageuzwa kuwa mkono wa kazi, anajifunza kwa kubahatisha, na anayelipia makosa yake ni mgonjwa.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema wapo wauguzi wanaowatukana akina mama wakati wa kujifungua, na wengine hupiga gumzo wagonjwa wakiumia. Ni kweli, na huo ni uovu usio na kisingizio. Watasema pia kwamba mgomo wa wauguzi wa mwaka wa 2017, uliodumu kwa takriban miezi mitano, uliwaumiza maskini wasioweza kwenda hospitali za binafsi. Hilo nalo silikatai. Lakini mgala muue na haki yake mpe. Anayemtukana mgonjwa aadhibiwe yeye, tusiwavike wote doa lake. Na mtu akifikia kuacha kitanda cha mgonjwa akaingia barabarani, tumuulize alilia mara ngapi kabla ya hapo bila kusikizwa.

Basi tufanyeje? Kwanza, kaunti ziwaajiri waliohitimu, tena kwa ajira ya kudumu, kabla ya kuzindua majengo mapya na kukata utepe. Jengo halimchomi mtu sindano. Pili, hospitali ziwe na utaratibu wa kumpa muuguzi nafasi ya kupumua anapofiwa na mgonjwa mikononi: mwenzake amshikie zamu hata kwa nusu saa, na awepo mshauri wa kuzungumza naye. Sisi hapa shuleni tuna mwalimu wa ushauri nasaha kwa sababu ya mitihani tu. Yule anayefunika maiti ya mtoto usiku wa manane hana haki hiyo?

Tatu, ni sisi wenyewe. Tukienda hospitali tuwasalimu wauguzi, tueleze shida kwa adabu, na tuseme asante. Ni jambo dogo, wala halitaongeza mshahara wa mtu, lakini halituwii gumu.

Na hapa niwageukie wenzangu wavulana. Siku ya ushauri wa kazi, nilipoandika kwenye karatasi yangu kwamba nataka kuwa muuguzi, darasa liliangua kicheko. Hadi leo kuna wanaoniita "Sista". Ripoti ile niliyoitaja ilisema kuwa karibu wauguzi tisa kati ya kila kumi ulimwenguni ni wanawake. Kwani homa inachagua jinsia? Mgonjwa mzito anahitaji kugeuzwa kitandani, na mikono yetu si ya kuchezea mpira tu.

Isitoshe, kwa wale wanaotuuliza Chama cha Kiswahili kina faida gani, masharti ya kusomea stashahada ya uuguzi yamekuwa yakitaka alama ya C katika Bayolojia, na vilevile katika Kiingereza au Kiswahili. Sababu iko wazi. Bibi wa kijijini hataelewa dawa zake ukimweleza kwa maneno ya kitabuni asiyoyajua.

Mdogo wangu alipona, na sasa anacheza uwanjani kana kwamba hakuwahi kuugua. Yule muuguzi sijamwona tena, wala jina lake sikuuliza. Nikijaliwa kufaulu mtihani, na nikipata wa kuniajiri, ningependa siku moja kuingia katika wodi kama ile saa nane za usiku nimwambie mwenzangu, "Kaa kidogo, nimekuja kukupokea."