Balansi ya ndeke, balansi ya depo

Wandugu wa mine, mutoto anayechonga ndeke ya kuchezea hapotezi wakati bule. Mbao ya balsa, ile inatoka Ecuador, mafundi wa ndeke ndogo hawaichagui kwa macho tu. Vibao viwili vya urefu santimeta 100, upana 10, unene milimita 3: kimoja kinapima gramu 36, kingine gramu 60. Chepesi kinafaa kufunika bawa, kizito kinafaa nguzo ya ndani. Na kibao chenye maji kinadanganya balansi, kwanza kikauke.

Huku Kikula balsa haiko. Mabua makavu ya mahindi iko, na hesabu njo ile ile: uzito, ukubwa, maji.

Sasa kule kwenye depo tunapopeleka minere, mununuzi anasema "iko na maji", anakata kilo, na sisi tunanyamaza. Yule mutoto angeuliza: maji kilo ngapi, nani alipima? Sisi wa sendika tunataka balansi ya pili pale, ya wachimbaji wenyewe. Ba mama, na nyumbani mupatie mutoto balansi ndogo na kaye ya kuandikia.