Daftari la Wiki: Mngurumo na Bei Yake

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyejaaliwa kupata Subaru Impreza WRX iliyotumika Japani, amekuwa akizunguka kwa mafundi wa Barabara ya Kirinyaga, pale Nairobi ambapo wazee wangali wanapaita Grogan, akitafuta ekzosi itakayolifanya gari lake lingurume kama yale ya mashindano. Nami niliyefuatana naye nimeona kwamba aghalabu wateja huchagua kwa kutazama upana wa mdomo wa bomba na mng'aro wake, ilhali sauti waitamaniyo huzaliwa mbali sana na hapo.

Silinda nne za injini ya gari hilo zimelazwa, mbili upande huu na mbili upande ule, nazo huwaka kwa zamu zilizopangwa sawasawa. Lakini katika injini nyingi za Subaru za aina ya EJ mabomba yatokayo kwenye silinda hadi kwenye tabo (turbo) hayalingani urefu, hata pumzi za moshi zilizoondoka kwa nidhamu hufika nyingine zimebanana na nyingine zimechelewa, na mdundo huo uliovurugika ndio mngurumo wenyewe. Wahandisi wa Subaru walipoyalinganisha mabomba hayo katika Legacy ya tabo iliyouzwa Japani tangu 2003, ili tabo ipate pumzi kwa utaratibu, mngurumo ulitoweka. Na hadi leo wako watu, wenye akili timamu, wanaolipa fedha nyingi warudishiwe ile kasoro. Asiye na kasoro hiyo, hata aking'oa sailensa zote, atapata kelele tu.

*

Sailensa iliyogawanywa vyumba ndani huipoza sauti kwa kuirudisha nyuma ijigonge. Ile ya bomba lililonyooka, lenye matundu na kuzungushiwa pamba ya kioo, huupitisha moshi bila kizuizi na kuiachia pamba kazi ya kuimeza sauti. Pamba huungua na kupeperuka, kwa hiyo sauti iliyonunuliwa leo siyo itakayosikika baada ya miaka michache.

*

Karakana ni mahali pabaya pa kuchagulia ekzosi. Pale injini huvumishwa gari likiwa limesimama, wapita njia wakageuka, na mnunuzi akaridhika. Kumbe gari litakwenda Nakuru, na injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huwaka mara 100 kwa sekunde, uvumi mzito ambao mwili wa gari huupokea na kuuzidisha hata abiria wa nyuma akaumwa kichwa. Fundi hodari huongeza kando ya bomba chumba kilichopimwa kumeza uvumi huo mmoja, kwa kanuni ya Helmholtz, Mjerumani wa karne ya 19. Kazi hiyo ndiyo ningeitolea fedha kwa moyo mkunjufu.

*

Mapenzi haya ya mngurumo yana asili yake: dereva Colin McRae alishinda mashindano ya Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na mwenzake Richard Burns yale ya 2000. Lakini magari yale yalipita porini, si chini ya dirisha la mgonjwa usiku wa manane, na Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009.

*

Na lile shauri la kuikata kataliti, kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, silikubali katu. Wapo wanaoshawishiwa kwamba ni kizuizi cha nguvu, wakaondoka wakishukuru, wasiulize hicho kipande chenye platini ndani yake kimebaki na nani.